Kinyozi Aliyempoteza Malkia

Kinyozi alijiita Bingwa mwenyewe, maana hakuna aliyejitokeza kumpa jina hilo. Kwa miaka sita hakuwahi kufungwa sataranji, na siri yake haikuwa ngumu: alicheza na wateja tu, tena akishawanyoa upande mmoja. Mtu mwenye nusu kichwa cha nywele hana subira. Anachotaka ni kufungwa haraka ili amaliziwe.

Jumamosi moja mchana shemeji yake, dada wa mkewe, alipita kuchukua ufunguo wa nyumba. Alikuwa mkunga, ndiyo kwanza ametoka zamu. Bingwa akamwambia akae kidogo amfundishe mchezo. Shemeji akasema aliwahi kuucheza zamani, akavuta kigoda.

Katika dakika ishirini Bingwa alikuwa amemlia ngome moja na askari wawili, kwa kelele. Kila shemeji aliposogeza kete, Bingwa aliwageukia wateja kwenye benchi na kuwaeleza ilivyokosewa. Shemeji alijibanza nyuma ya askari waliobaki, akaziba hapa, akaziba pale, saa nzima ikapita na mfalme wake yungali hai. Jasho lilimtoka Bingwa, lakini mdomo haukupoa. Alikuwa akimfafanulia fundi bomba, aliyenyolewa upande mmoja tangu asubuhi, kwa nini wanawake hawauwezi mchezo huu, alipomsogeza malkia wake bila kutazama na kumweka kwenye njia ya farasi wa shemeji.

Shemeji akamla malkia, kimya.

Hapo ndipo Bingwa alipofunga mdomo, na kwa nusu saa akacheza vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alirudisha ngome nyuma kumlinda mfalme, nusura atoke sare. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Mfalme wake alibanwa pembeni, akafa.

Sababu zikaanza kumiminika: jua lilimpiga machoni, benchi linalia, malkia na askofu wanafanana. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akazirudisha kete moja moja hadi pale malkia alipokuwa salama.

"Shemeji, hapa ulikuwa umeshanifunga. Ulikuwa unafikiria nini?" akamuuliza Bingwa.

Bingwa akautazama ubao. Akakiri kwamba hakuwa akifikiria, alikuwa akiongea.

"Basi usimlaumu farasi," shemeji akasema. "Mdomo umeponza kichwa."

Fundi bomba alicheka hadi shuka la kunyolea likamdondoka.

Siku tatu Bingwa alinuna, akimwambia mkewe kwamba dada yake ana bahati tu. Siku ya nne akaanza kuwanyoa wateja kichwa kizima kabla ya kucheza. Akafungwa na fundi bomba. Akafungwa na mwalimu, na muuza magazeti mwenye upara ambaye kinyozi hakumhusu kabisa. Kila akifungwa alizirudisha kete na kutafuta palipoharibika, huku midomo ikimtetemeka kwa hamu ya kujitetea.

Baada ya miezi miwili shemeji alirudi. Walipambana hadi saa ya kufunga duka, na Bingwa akafungwa tena, safari hii kwa kumkimbiza askari aliyepaswa kutulia. Kosa alilionyesha mwenyewe kabla hajaulizwa.

"Hilo ni jipya," shemeji akasema. "Lile la zamani umeliacha."

Bingwa akauliza kama hiyo ni sifa. Shemeji akachukua mkoba wake, akasema atamjibu akirudi.