Ruhusa ya Wakati wa Mvua

Mwalimu Elina alikuwa amechoka uchovu ule ambao kulala hakuutoi. Miaka kumi na moja kazini, amehamishwa mara tatu, na kila mara alihama na godoro lilelile, ambalo sasa lilikuwa na bonde lenye umbo lake. Darasa lake la Sita, hapo mjini Tukuyu, lilikuwa na watoto sabini na wanne, madawati kumi na tisa na paa la bati. Watoto aliwaweza. Madawati aliyazoea. Bati ndilo lililokuwa linammaliza.

Mvua ikianza kupiga bati la Tukuyu, mwalimu hugeuka kuwa mtu anayetafuna hewa mbele za watu. Elina alipaza sauti mpaka koo likakwaruza. Watoto walimtazama kwa heshima kubwa, kama wanavyomtazama ng'ombe anayecheua, na kila baada ya muda waliitikia kwa vichwa mambo ambayo hawakuyasikia.

Ilikuwa Machi ya mwaka tisini na tatu alipomwona Mwanaasha, binti wa fundi cherehani Saad, akiyumba mbele na nyuma huku midomo inakwenda mbio. Elina akajua anasengenywa. Mvua ilipokatika akamwita mbele.

"Ulikuwa unanisema nini?"

"Sikusemi, mwalimu. Nilikuwa nasoma ubaoni."

"Kwa kuyumba?"

"Chuoni ndivyo tunavyosoma Kurani. Kila mtu na somo lake, wote kwa sauti. Mvua ikipiga, mwalimu, ya mwenzako huisikii, lakini ya kwako unaisikia."

Elina alimwuliza safari ya chakula mwilini. Mwanaasha akausafirisha ugali kutoka mdomoni hadi mwisho wa safari, pasipo kuruka kituo na pasipo haya. Wale sabini na watatu waliobaki walikuwa wanaujua mdomo tu.

Mvua ya kesho yake Elina akaandika ubaoni, kisha akawaashiria wote wasome kwa sauti. Watoto wa wenye maduka na mafundi, waliopitia chuo kwa Maalimu Twalib, wakaanza kuyumba. Watoto wa mashambani, wa Kyimo na Ikuti, wakafunga midomo. Aliyewasemea, mvua ilipopungua, ni Amoni, mtoto wa mzee wa kanisa Abrahamu.

"Mwalimu, kila mtu kusema lake ni fujo. Sisi kwenye kwaya tunaanza wote, tunamaliza wote."

Mwalimu mwingine angetafuta fimbo. Elina alitafuta mahali pa kuegemea.

"Basi anzeni wote," alisema.

Wakaanza wote. Madawati ya dirishani yakachukua sauti ya kwanza, ya katikati sauti ya pili, na nyuma kabisa wavulana waliokuwa wanabalehe wakashika besi, besi yenye mlio wa mlango wa ghala. Upande wa kulia waliyumba, upande wa kushoto waliimba, na katikati Elina alipita polepole, akiinama na kutega sikio kwa mtoto mmoja mmoja. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze, aliweza kunywa chai bila koo kuuma. Mwisho wa mwezi akatoa jaribio. Watoto hamsini na mmoja walifaulu, na Elina akalisahihisha mara mbili kwa kudhani amekosea yeye.

Lakini watoto ni watoto, huambukizana. Kabla Aprili haijaisha wa kulia walikuwa wanaimba na wa kushoto wanayumba, na Jumatatu moja Elina akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu Meshaki hakuogopa kitu duniani isipokuwa karatasi yenye sahihi mbili. Karatasi ya namna hiyo, ambayo bado haijasainiwa, ilikuwa mezani. Mbele yake walikaa wanaume wawili.

"Shikamoo, tata," Elina alimsalimu Abrahamu, kama anavyosalimiwa baba wa Kinyakyusa.

"Marahaba. Mwalimu, mwanangu anatikisika fijo, sana mno."

"Anaumwa?"

"Anasoma! Jana nimempa neno asome mbele ya ushirika, akaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma. Akina mama wakamkimbilia na maji."

"Afadhali wako, mzee, anatikisika kimya," alidakia Saad. "Wangu ananiimbia matumbo! Nimekaa barazani nampunguzia mteja suruali ya mtumba, maana siku hizi ndiyo kazi iliyobaki, nasikia huko ndani 'utumbo mwembambaaa', na wimbo ni uleule unaotoka kwenu kila Jumapili. Wateja wananiuliza, fundi, umebatizwa lini?"

Meshaki alisogeza karatasi. "Mkisaini nyote wawili, inakwenda kwa afisa elimu. Mwalimu atahamishwa. Nafasi iliyo wazi ni kule mbali Matwebe."

Elina alilifikiria godoro. Akamfikiria mama yake pale Kyimo, anayetembea kwa fimbo, ambaye kila Jumamosi humwekea kiti mlangoni na kuangalia barabara. Alitaka kujitetea, ila maneno aliyokuwa nayo aliyamaliza zamani kwa kulipigia bati kelele. Kengele ikalia.

"Kipindi changu hicho," alisema, akatoka.

Hasira ya wazazi ilikuwa haijatosheka, kwa hiyo wakamfuata, na Meshaki nyuma yao na karatasi yake. Walipovuka mlango wa darasa mvua ikashuka yote kwa mara moja.

Abrahamu alisema jambo. Saad alisema jambo. Meshaki aliwajibu wote wawili. Hakuna aliyesikia lolote, wala hakuna aliyeweza kutoka, kwa kuwa uwanja umeshakuwa mto. Mwishowe walibanana kwenye madawati ya nyuma, magoti yakiwafika kidevuni. Saad akaangukia pembeni ya Amoni, Abrahamu pembeni ya Mwanaasha.

Elina aligusa ubao kwa chaki, na darasa likaanza.

Abrahamu alikaa amekunja uso. Kisha kidogo kidogo shingo yake ikaanza kuinama upande wa Mwanaasha, mpaka sikio likawa karibu na mdomo wa mtoto.

"Tumbo linapeleka wapi?" alimpigia kelele.

"Kwenye utumbo mwembamba, babu!"

"Halafu?"

"Utumbo mpana, babu!"

Akasikiliza hadi mwisho wa safari. Hadi mvua inakatika, mzee wa kanisa alikuwa ameyumba kidogo yeye mwenyewe, na watoto sabini na wanne walikuwa wamemwona.

Abrahamu aliinua macho, akayatazama mabati.

"Nimekaa humuhumu mimi," alisema. "Miaka minne. Mwalimu wetu alikuwa mdomo unaotembea tu. Nikaambiwa sina kichwa, nikarudi kwenye migomba." Akajisafisha koo, akakumbuka cheo chake. "Lakini kanisani asitikisike."

"Na nyumbani kwangu asiimbe," alisema Saad, ambaye Amoni alikuwa amemfundisha kongosho bila kumwomba ruhusa.

"Mnasaini, hamsaini?" aliuliza Meshaki.

Hawakusaini. Ila kwa kuwa karatasi ilikuwa imeshatolewa, na Meshaki hakuwa mtu wa kuirudisha tupu, aliigeuza nyuma akaandika kwa mwandiko wa kiserikali: *Mwalimu anaruhusiwa kuendelea na ufundishaji huo darasani pekee, na wakati wa mvua tu. Siku za jua atafundisha kwa utaratibu wa kawaida.* Akagonga muhuri, akaondoka ameridhika kwamba ameweka mipaka.

Elina aliisoma karatasi mara mbili akiwa amekaa juu ya ndoo ya chaki, kwa sababu kiti kilikuwa kimechukuliwa na mtu. Sabini na wanne walimsubiri. Alihesabu moyoni miezi ya jua ya Tukuyu, akapata chini ya vidole vya mkono mmoja.

Akageuka dirishani kuutazama mlima Rungwe. Haukuonekana; mvua nyingine ilikuwa inakuja.

"Haya," alisema kwa sauti ndogo aliyobakiwa nayo, akasimama. "Anzeni tena mdomoni."