Foleni ya Treni Nyekundu

…na kile kibao kilisema dakika tisini na tano tulipoingia, sasa hivi kinasema mia na kumi, yaani tumesimama mpaka tumerudi nyuma, jamani, hii ni foleni gani, na upande wa pili wa kamba wanapita wale walionunua pasi ya kuruka foleni, wanapita tu na vikombe vyao vya barafu, baba mmoja kambeba mtoto mabegani wanacheka, pi! inalia mashine ikisoma simu yake, haya, ingia, pi! na wengine, nasi tunawatazama kama watu wanaochungulia harusi ya jirani, Abigail ameegemea chuma, kafumba jicho moja kwa sababu ya jua, miaka tisa huyu, kofia ya baba yake imemfunika mpaka masikio, "Abi, kunywa maji," "I just did, Mama," kunywa tena, mwanangu, daktari alisema maji, maji, maji, treni yenyewe haina neno, alisema, ni ya watoto, inapanda kilima inashuka, kibaya ni kusimama juani, joto na kiu na uchovu, hapo ndipo zile chembe za damu yake zinajikunja kama mundu na kuziba njia, selimundu, sikoseli kama tunavyoita nyumbani, na mimi ni nesi, sihitaji daktari wa kunifundisha, haya niliyajua kwa Elia kabla huyu hajatungwa mimba… sitaki kumwaza Elia hapa… saa ngapi sasa, saa sita na robo, jua ndiyo kwanza linachachamaa, na kivuli kiko kule mbele kwenye paa la bati, watu sitini mbele yetu, sabini, nani anawahesabu, na alfajiri tulipotoka nyumbani Alief, Houston, bei ya pasi kwenye simu ilikuwa dola arobaini na tisa, nikasema nitanunua tukifika, ujinga wangu mwenyewe, tumefika hii bustani ya michezo kati ya Dallas na Fort Worth saa nne imekuwa sabini na tisa, nimetafuta kadi kwenye pochi, kutazama tena ni tisini na tano, kwa kichwa kimoja, na mtoto hana nusu bei, eti kila watu wakinunua bei inapanda, hata nyanya za kule kwetu Bukoba hazipandi hivyo, ukimkuta mama sokoni amekwambia bei, akikupandishia unamcheka naye anacheka, utaicheka simu?

…na ile sauti ya kipaza inasema tena pasi bado zipo, fungua app, chagua, ruka foleni, asante sana mama, tumekusikia, mwaka ule tulipokuja na watu wa kanisa hakukuwa na mambo haya, kulikuwa na mashine pale mlangoni inakupa kijikaratasi cha bure, kimeandikwa saa, urudi saa nane upite, mwenye Lexus na mwenye Corolla wote karatasi moja, na kwa wagonjwa kulikuwa na dirisha dogo karibu na geti, bibi wa miwani, Abi alikuwa na miaka minne na siku tatu tu ametoka kulazwa, bado ana mkanda wa hospitali mkononi, bibi yule akauona ule mkanda, akatugongea muhuri kadi ya kupita mbele, go on, sweetheart, basi, sikusema neno, sikuulizwa neno, na mimi nikadhani ndivyo itakavyokuwa siku zote, kumbe wamelifuta dirisha, sasa eti uombe kwa mtandao, siku saba kabla, ujaze fomu, halafu mzungumze kwa video na mtu wao, na mtoto awepo amwone… na dada Kerubo aliniambia, tulikuwa tumekaa naye tunakula kazini kwetu, nyumba ya wazee kule Missouri City, akaniambia kwa ile sauti yake ya Kisii isiyo na breki, "Mama Abi, usiende kuona haya huko, sawa? Waambie mtoto ni mgonjwa, hawezi simama kwa jua, akisimama anaanguka, si hata uongo, waambie vile iko," nikamwambia nimeelewa dada, na nilikuwa nimeelewa kweli, sasa nini kilinipata, nini kilinipata mimi mtu mzima…

Mtu wa nyuma anasema kitu, y'all can move up, ndiyo, samahani, tunasogea, hatua mbili, hongera zetu, Abi anaburuta mguu, amechoka huyo, nani asingechoka… nilimsuka, Mungu wangu, kwa ajili ya ile video nilimsuka upya tangu juzi yake, nikampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, nikamvalisha gauni la Komunyo, soksi nyeupe, kwa sababu tunakwenda kuonana na watu, na nyumbani mtu haendi mbele ya ofisa na mtoto amechakaa, hata kama ni kwenye kompyuta, hata kama unakwenda kuomba kadi ya ugonjwa, nilipanga na maua ya plastiki nyuma yetu pale mezani, na mume wangu Wilbroad anapita na begi lake la kazini anasema leo mna sherehe gani, nikamwambia toka, unaharibu picha, na mtu wao akatokea kwenye kioo cha kompyuta, binti wa kizungu mpole, meno mazuri, akasema hi, and how is Abigail doing today, na mdomo wangu ukajibu wenyewe, naapa sikuutuma, she is fine, thank God… hajambo, tunamshukuru Mungu, kama vile ameniuliza shemeji yangu mlangoni, na atakayekuuliza habari za mtoto utamjibu nini kingine, unaanza na hajambo, hata awe hoi unaanza na hajambo, halafu ukishamkaribisha mtu, amekaa, amekunywa chai, ndipo unasema ila tu kidogo juzi alikuwa na homa, na mgeni anajua, anakusubiri, lakini yule binti hakusubiri chai, alikuwa anachapa, nilisikia tak tak tak, does she have difficulty waiting in a line, nikasema sometimes a little, but she is a strong girl, tak tak, akamuuliza Abi mwenyewe, and how do you feel when you have to wait, honey, na Abi kwa gauni lake akasema I'm fine, na mimi, ona mimi, nikajisikia fahari, mtoto wangu ana adabu, halalamiki mbele za watu… dakika saba, ikaisha, kesho yake barua pepe, samahani, kulingana na mazungumzo yetu mtoto hakuonekana kuhitaji, unaweza kuomba tena baada ya siku mia moja na ishirini.

Simu inatetemeka mfukoni, Wilbroad, "Mmepanda? Kadi imesaidia?" kwa sababu nilimwambia tumepewa, ndiyo, nilimwambia, ningemwambiaje, kwamba mke wako nesi miaka kumi na moja, ambaye kutwa nzima anaandika maumivu ya wazee wa watu, chumba cha nne, maumivu nane kati ya kumi, chumba cha tisa, sita kati ya kumi, anaripoti kwa daktari bila kupepesa, akiulizwa habari ya mtoto wake mwenyewe anasema thank God, nikamwambia tumepewa bwana, nenda kazini kwa amani, na siku mia na ishirini ni Novemba, treni Novemba wameifunga, na Abi wiki tatu za Mei pale hospitalini hakutaka katuni, alitaka video za hii treni, mtu kaweka kamera mbele kabisa, wimbo hakuna, maneno hakuna, reli tu, akiingizwa sindano anatazama reli, here's the tunnel, Mama, now the bear, now it goes slow, anakuambia kabla haijafika, akinishika kidole, na nilimwahidi, nilimwambia ukitoka humu nitakupeleka, kwa mdomo huu huu.

…Elia, basi njoo, kama umeamua kuja njoo, mwanangu wa kwanza, nilikuacha na bibi yako Bukoba una miaka minne, karatasi zako zinashughulikiwa, kila mwezi zinashughulikiwa, nikaja kumfuata baba yako, nikasema mwaka mmoja tu, na Jumamosi ile nilipiga simu, mama, hamjambo? hatujambo mwanangu, Elia hajambo? hajambo, amelala, mbona saa hizi amelala? alicheza sana, na nyuma yake nasikia magurudumu, chuma kinagongana, nikauliza mama uko wapi, akasema niko tu hapa na watu, mama yangu alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, Elia amelala kweli, amelala na dripu, hakunidanganya hata neno moja mama yangu, Jumatatu wakapiga, na si yeye aliyepiga, na miaka mitatu sikuzungumza naye vizuri, nilimwambia uliniibia siku mbili, mama, ningalisikia hata pumzi yake kwenye simu, akasema ningekuambia ungefanya nini huko uliko, ungeruka? nikamchukia kwa neno hilo, roho ikawa nyeusi, nikaapa kwa Mungu mtoto mwingine nikimpata sitamfichia mtu ugonjwa wake, nitausema barabarani… na yeye hadi leo ananiita Mama Elia, ni yeye peke yake aliyebaki wa kuniita hivyo.

Kumbe mama, hukutaka kunidanganya mimi, uh, sasa ndiyo nakuona, ulitaka mtu mmoja duniani, hata kwa dakika za vocha tu, ambaye kwake Elia ni mzima, amecheza sana, amelala, ulitaka kuisikia ikisemwa, ndicho nilichokitaka nami kwa yule binti wa meno mazuri, haikuwa adabu, nisijisingizie adabu, kila mtu tunayemjua Houston anajua, kanisani wanajua, wananishika mkono wanainamisha shingo, pole Mama Abi, anaendeleaje, mwalimu anajua, mwenye duka la Alief anayeniuzia dagaa anajua, na huyu akatokea kwenye kioo hajui chochote, anaona mtoto kasukwa, kavaa nyeupe, anauliza habari zake kama za mtoto yeyote, na mimi nikataka kuzila zile dakika saba, nikazila, na gharama yake analipa nani, analipa huyu hapa kwenye chuma… mbona amenyamaza. Tangu lini amenyamaza. Tulipoingia alikuwa anasema, the bear is at the second turn, Mama, you have to look left, alikuwa anamfundisha hata yule bibi wa Kimeksiko aliye mbele yetu, sasa kimya, kahamisha uzito mguu wa kulia, kahamisha wa kushoto, "Abi, uko sawa?" "I'm good," na moyo wangu, we moyo, mara moja unasema asante Mungu… hapana… ngoja… siku ile ya video, yule binti alipomuuliza unajisikiaje, Abi hakumjibu papo hapo, alinitazama kwanza mimi, nimeliona hili mara mia kichwani na sikuliona, aligeuza shingo, akausoma uso wangu uliopakwa poda, akaona ni jibu gani linatakiwa, ndipo akasema I'm fine, sikumfundisha adabu, nilimfundisha kunibeba, mtoto wa miaka tisa mwenye damu ile ananibeba mimi, amenibeba tangu Mei, amenibeba saa nzima hii kwenye jua kwa sababu mama ameendesha gari saa nne nzima na mama ameahidi na mama anataka kuona mtoto amefurahi… pi! wanapita tena, familia nzima na fulana zinazofanana, sawa, piteni, mpite salama, siwatazami tena.

Nachuchumaa, magoti yanalia, uso wangu sasa uko chini ya kofia yake, mtu wa nyuma atanivumilia, simuulizi tena kama yuko sawa, swali hilo lina jibu moja tu nyumbani kwetu, "Abi, panauma wapi?" anaitazama treni kule juu inapanda kilima, watu wamenyoosha mikono, halafu ananitazama mimi, anatafuta, ananisoma vile vile kama siku ile, na uso wangu nauacha, siupangi, machozi yakitaka kutoka yatoke, anayaona, namwacha ayaone, "are you gonna be sad," "ndiyo," namwambia, "nitahuzunika, nisipohuzunika nitakuwa mama gani, lakini niambie," na foleni mbele imesogea, kuna nafasi ya watu watatu hapo na hatusogei, anauchukua mkono wangu anauweka kwenye paja lake, juu, karibu na nyonga, pana moto, halafu anauhamishia kiunoni kwa nyuma, "here too," taratibu, kama anayenionyesha kitu alichokivunja, "tangu lini, Abi?" na anainama, anaitazama chupa ya maji, na kwa Kiswahili, mtoto huyu ambaye tunamgombeza kila siku ajibu kwa Kiswahili, ananiambia, "Tangu kwenye gari, Mama."