Chupa ya Leonidasi

Melkiadi, kaka wa marehemu mume wangu, alikuja matangani na fahali mzima. Alilia mpaka watu wakamshika. Mimi nilikaa mkekani namtazama tu, nasema moyoni: lia, bwana, machozi ni ya bure.

Sikilizeni niwaambie. Venanti wangu aliugua mwaka ule tuliohamishiwa kijijini, hapa Kumsenga. Macho yakawa ya manjano, akajikuna mpaka ngozi ikachubuka. Tukampeleka hospitali ya misheni upande wa Kasulu. Daktari akampasua, akakuta uvimbe kwenye kongosho, umeng'ang'ania mshipa mkubwa wa damu. Akamfunga bila kuugusa, akaniita.

"Mama, naweza kumpasua tena. Nitakata uvimbe pamoja na kile kipande cha mshipa, halafu nitaunga kwa mshipa mwingine wa pajani kwake. Siahidi kwamba atapona. Lakini bila hivyo anakufa. Na damu itatoka nyingi, leta ndugu wachangie."

Yangu waliipima, ikakataa. Nikamfuata Melkiadi dukani kwake, Kasulu mjini, mtu mwenye shingo nene na afya tele.

"Damu?" akaniuliza. "Shemeji, wewe mtoto? Hujasikia habari za mumiani? Wanainyonya, wanaiuza!" Nikambembeleza, akasema haya, atakuja Jumamosi na wadogo zake. Jumamosi ikapita. Ikapita na nyingine.

Kila kiatu kikilia, Venanti aligeuza uso mlangoni. "Kaka amefika?"

"Mvua imekata barabara," nikamwambia. Mvua gani, Mungu nisamehe, na vumbi lilikuwa linaingia mpaka wodini! Nilikuwa na hasira ya kupiga mtu.

Aliyefika ni Leonidasi, jirani yetu, aliyekimbia mauaji Burundi akapewa shamba kando ya letu. Sikumwita. Alidandia lori la maharage, kamletea mgonjwa ndizi. Aliposikia habari akakunja shati. Yake ikakubali. Lakini mtu mmoja, chupa moja. Daktari akatikisa kichwa: "Nikikata mshipa kwa chupa hii, atanifia mezani." Akamwongezea hiyo hiyo, apate nguvu kidogo. Akazipata kweli. Akazitumia kuuliza kama kaka amefika.

Basi, siku ya kumaliza matanga wazee wakaliweka koti la Venanti katikati ya ua. Kwa ukoo wao, ndugu atakayelivaa ndiye anayemrithi mjane. Melkiadi akanyoosha mkono, hata haya hana. Nikaliwahi. Nikampelekea Leonidasi, aliyekaa nyuma kabisa karibu na mitungi ya pombe.

"Mkimbizi!" Melkiadi akafoka. "Ana undugu gani na marehemu?"

"Sitafuti mume, huyu ana mke wake," nikasema. "Nampa koti la nduguye. Venanti kazikwa na damu ya huyu. Ya kwako, shemeji, umekuja nayo yote. Rudi nayo Kasulu."