Itafaa Baba Yake Akuye

...na sasa amemaliza, amesema sentensi yake mpaka mwisho, Priscille, mikono nyuma, blauzi nyeupe imepigwa pasi hadi kwenye mishono, ananingoja nijibu, maana mimi ndiye mama wa mgonjwa, ndiyo, mimi Nathanaël na ndevu zangu na tai yangu, tangu saa mbili asubuhi nimekuwa mama mara kumi na moja, hii ya kumi na mbili, kwenye kiti hiki cha plastiki kwa sababu Guy aliyepangwa kuigiza mzazi amelala nyumbani na malaria, na mtihani wa Kiingereza wa wauguzi wa mwaka wa tatu hauahirishwi kwa malaria ya mtu mmoja, hivyo ndivyo alivyosema chef de section, mkuu wetu wa idara, Anaclet, huyu hapa pembeni yangu anayesugua simu kwa kidole gumba, wala hakusikia kilichosemwa, lakini mimi nimesikia, eh Mungu wangu, nimesikia, karatasi ya swali inamwambia mwanafunzi kwamba mtoto wa huyu mama hatafika jioni, mwambie mama huyo, kwa Kiingereza, na Priscille amevuta pumzi, ameinamisha kichwa kwa adabu, na kwa Kiingereza kisafi kuliko cha wote waliomtangulia amesema, Maman, hali imekuwa ngumu kidogo, itafaa baba yake akuye... basi, hayo tu, baba aje, na hayo ni maneno yangu, ukurasa wa kumi na nne wa silabusi yangu, sehemu niliyoipa jina Sentensi za Huruma, amezikariri msichana wa watu, amefanya nilichomfundisha, na mbele yangu kuna karatasi ya pointi, mstari wa nne, ambao washirika wetu walituletea mwaka huu, mwanafunzi ametaja kifo kwa jina lake, ndiyo au hapana, pointi tano au sifuri, na bila hizo tano hapiti, na asipopita haendi staji, mazoezi ya hospitalini, Jumatatu kwa wale madaktari wageni, amengoja staji hiyo mwaka mzima, mama yake ameshaiombea misa... kalamu iko mkononi, andika basi, wee Nathanaël, andika, umeshaandika hapana kwa wengine wanne leo, lakini wale walibabaika tu, hakuna aliyeisema nzima namna hii, neno kwa neno, kwa sauti hii ya upole, sauti ileile niliyoitumia mimi, miaka sita sasa, kwenye korido ya hospitali yenye harufu ya dawa ya sakafu, nilipoitwa kumtafsiria daktari mgeni, mwanamke mrefu, mkimya, viatu vyake vya mpira vya kijani, alipiga magoti pale chini kwenye sementi ili macho yake yawe sawa na ya yule mama, Mama Gentil, Marcelline, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na termosi ya uji kifuani, daktari akamshika mkono na kusema sentensi nne fupi, nazijua mpaka leo, utumbo wa mtoto umetoboka kwa tifoidi, tumepasua tumeosha tumefanya yote, moyo wake umechoka na hatafika jioni, mwambie mama asibanduke hapa, aende amshike... nne, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angezitafsiri, na Marcelline ameniangalia mimi, si daktari, mimi, kwa sababu mimi ndiye wa kwetu, akangoja, kama huyu msichana anavyongoja sasa, na mimi nikasema, Maman, hali imekuwa ngumu kidogo, itafaa baba yake akuye.

"Prof, bado wako tisa inje," Anaclet huyo, bila kuinua macho, ndiyo, tisa, nawasikia nyuma ya mlango wanarudia sentensi zangu kama rozari, kwa nini nilisema vile, nimejiuliza kwenye misa, nimejiuliza nikipiga mswaki, na jibu nililonalo ni lile la siku zote, kwamba huku kwetu kifo hakitupwi usoni mwa mtu, mama amekaa peke yake kwenye benchi na termosi, huwezi, unasema itafaa baba akuye, na mtu mzima anaelewa, kila mtu anaelewa, mimi nilielewa nikiwa na miaka kumi na tano kule internat, shule ya bweni, padri aliponiita ofisini akasema papa yako anakuita nyumbani, akanipa sabuni ninawe uso, sikuwa nimelia bado, lakini akanipa sabuni, na nje tonton Stanislas, baba yangu mdogo, alikuwa amesimama na kofia mkononi, tukatembea saa mbili nzima, kilima kwa kilima, akanikatia muwa, hakusema neno, na nilipoona wanawake wamekaa chini uani kwetu nilikuwa nimeshajua zamani kwamba papa amekufa, kwa hiyo nilidhani na Marcelline atajua, niliona akikubali kwa kichwa, akaniambia "Ndiyo, nimesikia, papa, nitamuita," akafunga kitenge upya kiunoni, uso umetulia, umetulia mno, mpaka daktari akaniuliza, ameelewa? nikamjibu ameelewa, nikasema hivyo, ameelewa, kwa Kiingereza changu kizuri, daktari akaitwa mbio kwenye chumba cha upasuaji, nikageuka, Marcelline hayuko, termosi imebaki kwenye benchi, nikadhani ameenda msalani kulia, kumbe mume wake alikuwa Minova, safari ya boti ziwani, na simu ya Minova haikupita siku ile, na yeye aliambiwa baba akuye, akafanya alichoambiwa, ameshuka mpaka bandarini, amepanda boti, amekwenda kumleta.

Nilingoja dakika kumi... hapana, sema ukweli, nilingoja nusu saa nzima nikijipa moyo, ndipo nikauliza walinzi, mmoja akasema, yule mama wa kitenge ya njano? ameteremuka zamani, anasema anaenda kutafuta bwana yake, na mimi ningeweza kupanda pikipiki nimkimbilie, boti huchelewa kung'oa nanga, zinangoja zijae, ningemkuta, hilo ndilo linaloniamsha, ningemkuta, lakini muuguzi akachungulia akasema, wewe mutafsiri, mutoto anaita mutu, nikaingia, Gentil, miaka saba, midomo imekauka, kichwa kikubwa juu ya mto bila foronya, akaniuliza "Mama iko wapi?" nikasema anakuya, akafumba macho, akafumbua, "Mama iko wapi?" anakuya, mara ya tatu hakuuliza, akaniangalia tai, "Uko dokta?" hapana, niko mwalimu, "Ya nini?" ya Kiingereza, akafikiri, akasema "Sema kidogo," basi nikahesabu, moja mpaka kumi kwa Kiingereza, ni kitu gani kingine ningesema, na akacheka, mdomo wa upande mmoja tu, akarudia mpaka tatu, saa nane mchana akafa, nilikuwa nimemshika mimi, mkono wa mtu asiyemjua, na daktari aliporudi akaangalia kitanda, akaniangalia, akauliza mama yuko wapi, nikasema amekwenda kumwita baba, nafikiri mpaka leo huko kwao anaamini kwamba yule mama alisikia habari ile akaondoka akamwacha mtoto wake, nimemsingizia hata hilo... na kesho yake, mchana, korido ileile, nikasikia sauti kabla sijamwona, kutoka mlangoni kabisa, "Gentil! Papa amekuya!" anatembea haraka, anacheka, mume nyuma yake na mfuko wa biskuti, nami nimesimama kando ya ukuta, Bwana wangu, hakuna aliyenituma kuwapokea, nilikuja tu, na hata hapo sikusema, nilimwachia muuguzi aseme, nikajikuta nawashika wote wawili wakiwa chini sakafuni, na tangu siku hiyo mimi ni mtu mwema.

Kwa sababu hicho ndicho kibaya kuliko vyote, ananipenda, Marcelline anauza sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Nyawera, upande wa wauza mkaa, na nikipita ananiita kwa mkono wote, Prof! kuya! akiwaambia wenzake, huyu ndiye alikaa na mutoto wangu, si yule dokta, yule dokta alijua akanificha, angeniambia ningetoka pale? ningetoka, mimi? na wenzake wanatikisa kichwa, wanasema ba muzungu ni vile, na mimi nimesimama na kikapu, ananijazia sambaza na juu yake matabishi, nyongeza ya bure, konzi moja, konzi mbili, chukua baba, Mungu akubariki, nami nachukua, miaka sita nakula matabishi ya yule mama, nikajaribu kupita njia nyingine, akauliza watu kama mimi ni mgonjwa, na soko zima bado linamwita Mama Gentil, wote, mimi pia... na silabusi nayo, sema na hilo, mwaka uliofuata, likizo kubwa, nilipoandika ukurasa wa kumi na nne niliandika sentensi ile ya kwanza kabisa juu, hata sikusita, niliiweka kwa Kiingereza kizuri, nikaipigia mstari, promosheni nne za wanafunzi zimeiimba darasani kwa pamoja nikipiga meza kwa rula, nilikuwa nawafundisha huruma, nilisema hivyo, huruma gani, nilitaka tuwe wengi, ndivyo, nilitaka tuwe wengi walioisema ili isiwe yangu peke yangu, na wangapi wameshaitumia huko mahospitalini, na mama wangapi wameshuka kwenda kutafuta baba...

"Prof?" sasa ni Priscille, kwa sauti ndogo, shingo imeanza kutoka jasho, ameona kalamu haitembei, anadhani amekosea, hakukosea, ndiyo tabu yenyewe, nikiandika hapana namwadhibu kwa kosa langu, nikiandika ndiyo Jumatatu atakuwa kwenye korido, na benchi litakuwepo, na mama atakuwepo na termosi, Anaclet anainama sikioni kwangu, "Mupe tu, hii mambo ya kutaja kifo ni ya wazungu, sisi tuko na namna yetu," namna yetu, ndiyo, tuko nayo, nimejificha nyuma yake miaka sita, lakini tonton Stanislas, mbona sijawahi kumfikiria hivi, tonton alikuja na miguu yake, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, mtu mwenye ngiri, alinibebea sanduku, alinikatia muwa, padri alisema maneno machache kwa sababu nje kulikuwa na mtu wa kutembea na mimi, hiyo ndiyo namna yetu, maneno yalikuwa nusu tu, na mimi nilichukua ile nusu nyepesi, nusu ya mdomo, nikampa Marcelline, nikamwacha ashuke bandarini peke yake, hakuna mila iliyoniagiza hivyo, hata babu zangu wangenitemea mate, nilimwogopa mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, basi, niliogopa kuwa mtu ambaye mama yule atamlilia... na sasa Priscille anafuata hatua ya mwisho, ile ya silabusi, ukimaliza muulize mzazi kama ameelewa, anauliza, kwa Kiingereza chake kisafi, Maman, umeelewa? na wote kumi na mmoja wa kabla yake nimewajibu ndiyo, leo asubuhi yote nimesema ndiyo kwa kichwa, nimetulia, kama yeye alivyotulia, eh, niko kwenye kiti chake, nimekaa kwenye benchi lake tangu saa mbili wala sikujua, na nikiwa hapa chini naangalia juu kwenye uso wa huyu msichana mpole, sijui chochote, kweli kabisa, mtoto wangu yuko nyuma ya ukuta na sijui chochote, nimeambiwa nimlete baba.

Hapana, nimesema, sijaelewa, muuguzi, kaa hapa karibu yangu uniambie, na nimesogea, nimempa nusu ya kiti, Anaclet ameinua macho hatimaye, Priscille hajakaa, mikono bado iko nyuma, mdomo wazi, karatasi ya pointi bado nyeupe mstari wa nne, ningoje, ana wakati, nitamngoja mpaka wale tisa wachoke huko nje, ngoja atafute neno, atalipata au hatalipata, lakini mimi la kwangu ninalo, Marcelline hukunja turubai saa kumi, nitakwenda kwa miguu, bila kikapu, nitakaa chini pale kwenye mkaa kabla hajaniita, nitamshika mkono kwanza kama yule daktari, na ninaijaribu hapa moyoni, polepole, kwa Kiswahili chetu, Mama Gentil, dokta hakukuficha kintu, alipiga magoti akasema usitoke, umushike mutoto, ni mimi sikukuambia.