Boksi la Dawa ya Kulet

Nailantei alipoingia ndani alikuta boksi la baridi la umeme limeviringishwa shuka, pembe zimechomekwa kama mtoto aliyelazwa. Humo ndimo alimohifadhi insulini, dawa ya kisukari ya mwanawe Kulet, aliyoifuata hospitali Kilosa.

"Mama, shikamoo. Nani kalifunika hili?"

"Marahaba. Mimi," alijibu mama mkwe wake, Miriamu, aliyekuja Mikumi kutoka Rudewa kumwona mjukuu. "Malori yenu yanatimua vumbi. Maziwa nafunika, sembuse dawa ya mjukuu?"

Nailantei alilivuta shuka. Mgongo wa boksi uliwaka kama kikaango. Feni ilikuwa inakoroma kwa kukosa hewa. Mkono ukakimbilia plagi, kisha ukasita.

Kwenye darasa la jioni analosoma, mwalimu Ditram aliwahi kuwaeleza kidubwasha kilichomo ndani ya boksi kama hilo: tabaka juu ya tabaka za semikondakta, kitu kinachopitisha umeme nusunusu, nyembamba mno. Umeme unasukuma joto litoke nyuma. Joto lenyewe ni mtetemo wa atomu, unatembea kama sauti. Mtetemo huo ukitaka kurudi ndani, kila penye mpaka wa tabaka unagonga, unatawanyika, unavunjika vipande, hadi unafifia.

Akichomoa plagi, nani atalisukuma joto nje? Akaiacha, akalisogeza boksi mbali na ukuta. Feni ikavuta pumzi.

"Sasa umelisogeza tu, basi?" Miriamu alisema. "Elimu ya jioni hiyo!"

"Joto linarudi ndani kwa shida, Mama. Ila linarudi. Wasiwasi wangu ni limerudi kiasi gani."

Akafungua kifuniko. Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na mbili, juu ya nane zinazotakiwa. Akampigia simu nesi Letisia wa hospitali ya Kilosa.

"Haijafika hata ishirini na tano?" Letisia alicheka. "Dada, dawa nzima hiyo. Ingeganda kwa baridi ndiyo ungelia."

Nailantei akakaa chini, akacheka na machozi yakimtoka. Miriamu akasema polepole, "Kumbe ningemuua."

"Hukumuua, Mama. Hukujua tu kwamba lenyewe linapumua."

Kulet alikuwa mlangoni ameinua fulana, tumbo wazi, amezoea. "Mama, nichome basi. Ugali unapoa."

Akamchoma. Mtoto akanawa, akala hadi sahani ikang'aa, na bibi yake akamwongezea mchicha bila kuulizwa.