Chumba cha Kichochoroni

Saumu alikuwa anageuza dagaa juani aliposikia mlango wa mpangaji wake unapigwa teke. Chumba chenyewe alikijenga kwenye kichochoro kati ya nyumba yake na ya jirani, hapa hapa Ujiji. Kuta mbili zilikuwapo tayari, akaziba mbele na nyuma kwa matofali ya udongo, akaezeka kwa madebe ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mapendo, mkimbizi wa Uvira, ndiye aliyekandika, kisha akapanga humo. Tangu mume afe ziwani, kodi hiyo ndiyo iliyomlisha Saumu.

Mgambo watatu walimtoa Mapendo wakimburuta kwa nywele. Nyuma yao alikuja Khalfani, mtendaji wa kata, anatafuna muhogo kama mtu aliyealikwa harusini.

"Mkimbizi anakaa kambini," alisema.

"Leo ndiyo umejua? Juzi si alikutengea ugali hapa, ukala na kunawa?"

Rungu lilimpata Saumu begani. Akamrukia mgambo, akamng'ata mkono mpaka akaonja damu. Rungu la pili likatua mdomoni, jino likang'oka.

"Dada Saumu, acha," alilia Mapendo. "Batakuua bure."

Mgambo wakamtupa Mapendo garini, wakaondoka naye. Khalfani alibaki. Aliingia chumbani, akagonga ukuta, akatazama juu kwenye madebe.

"Umejenga vizuri. Kesho mdogo wangu anahamia. Habari ya kodi usiniulize, la sivyo nawe utalala ndani kwa kuficha wakimbizi."

Saumu alitema damu. Alimchukia mtu yule.

"Sawa, bwana mtendaji."

Khalfani alipokata kona, Saumu aliingia ndani kwake, akatoka na sururu. Pigo la kwanza lilipasua ukuta wa mbele. Jirani yake Hasna alikuja mbio, khanga imemdondoka kichwani.

"Umechanganyikiwa? Si jasho lako hilo?"

"Ndiyo, ni langu," alijibu Saumu, akapiga tena. Madebe yakaporomoka, moja likamchana mguu, hakusimama.

Asubuhi kijana alifika na godoro kichwani, akauliza chumba alichopewa na kaka yake mtendaji kiko wapi. Saumu, mdomo umemvimba, alimwonyesha lile lundo la udongo.

"Ndicho hicho," alisema. "Karibu ndani, baba."