Sina Pingamizi

Pale manispaa walimwita Bi Afisa. Alikuwa afisa vijana kwa miaka kumi na moja, na watu walimjua kwa jambo moja: hakuwa mtu wa kusaini kitu asichokisoma. Wenzake walimtania kwamba akinunua sabuni huisoma karatasi yake mpaka jina la kiwanda ndipo anawe mikono. Yeye alicheka tu. Aliona ni sifa, na kwa kweli ilikuwa sifa.

Kwa hiyo barua ya Shupavu ilipofika mezani kwake, aliisoma yote pamoja na katiba iliyoambatanishwa. Shupavu kilikuwa kikundi cha watu binafsi kilichofunza watoto gwaride, huduma ya kwanza, kufunga kamba, kuogelea na kulala porini. Kiliomba manispaa ikipe ukumbi wake kila Jumamosi bila malipo, na lori la kuwapeleka watoto kambini wakati wa likizo. Kiongozi wake alikuwa mwalimu mstaafu wa michezo, mtu wa sauti ya chini na viatu vinavyong'aa, ambaye mji mzima ulimwita Kamanda.

Bi Afisa alisoma akafika kifungu cha tisa. Kiliandikwa hivi: "Hatapokelewa mtoto mwenye kifafa, kiziwi, asiyeona, wala mwenye kilema cha kiungo, na mwanachama akipatwa na mojawapo ya hayo baada ya kujiunga, uanachama wake utakoma." Akainua macho.

"Kamanda, hiki kifungu cha tisa ni cha nini?"

"Ni cha usalama, Bi Afisa. Sisi tunapanda milima, tunavuka mito. Mtoto akianguka majini, nitamjibu nini mzazi wake?"

Bi Afisa alikaa na kalamu mkononi kwa muda wa kumeza mate mara moja au mbili. Lilikuwa jibu la mtu mzima, tena lenye mantiki. Akaandika chini ya ile barua, kwa mwandiko wake uliosifiwa ofisi nzima: "Nimeisoma katiba ya kikundi. Sina pingamizi. Napendekeza kisaidiwe." Akasaini, akagonga mhuri, akaenda kunywa chai.

Binti yake wakati huo alikuwa na miaka minane. Walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakupumzika. Alisema akila, alisema akisinzia, na bibi yake, aliyekaa nao nyumba moja, aliapa kwamba mjukuu wake akinyamaza robo saa basi ama kalala ama kavunja kitu. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anakuja nyumbani kwa nadra mpaka mbwa wa jirani humbwekea. Nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, na sauti iliyosikika humo ilikuwa moja.

Alipotimiza miaka kumi, Chiriku alijiunga na Shupavu. Mdomo uliokuwa ukimponza darasani ukamfaa kule. Akiita "Nyuma, geuka," hata watoto wa mitaani waliosimama mlangoni waligeuka. Kufikia miaka kumi na minne alikuwa kiranja wa kikosi cha watoto kumi na wawili. Kila Ijumaa alipiga pasi sare yake mwenyewe, hakumruhusu mtu kuigusa, huku akimweleza bibi yake namna ya kumwokoa mtu aliyezama.

"Mimi nitazama wapi, mjukuu wangu, na mimi naoga kwa kopo?" bibi alisema.

"Bibi, ajali haina kinga. Lala hapo chini nikuoneshe."

Na bibi, na magoti yake mabovu, alilala.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kama saa nne asubuhi. Bi Afisa alikuwa ofisini ghorofani anamalizia viporo vya wiki, ng'ambo ya uwanja kutoka ukumbini, na kwa mbali alimsikia bintiye akiamrisha gwaride. Sauti ikakatika katikati ya neno. Hakushtuka. Kilichomshtua ni mfagizi wa ukumbi aliyekuja mbio, kichwa wazi, bila mtandio wake.

"Shuka, mama. Mtoto kaanguka."

Alipoingia ukumbini aliwakuta watoto wamebanana ukutani, wengine wameziba pua na midomo kwa viganja. Kamanda alikuwa amesimama mbele yao, amenyoosha mikono, anawazuia wasisogee. Katikati ya sakafu ile pana Chiriku alikuwa peke yake, mwili unamtetemeka, povu mdomoni, na chini ya kichwa chake mtandio wa mfagizi. Hao watoto kumi na wawili, yeye ndiye aliyewafundisha huduma ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyemsogelea.

Hospitali walipima mara mbili, na daktari akawaambia bila kuzunguka. Ni kifafa. Hakiambukizi. Atakunywa dawa kila siku, atasoma, ataolewa akitaka, atafanya kazi. Asipande juu ya miti, asiogelee bila mtu wa kumwangalia. Chiriku aliuliza maswali tisa, na la mwisho lilikuwa kama ataweza kurudi Shupavu Jumamosi inayofuata.

"Ukijisikia vizuri, kwa nini usirudi?" daktari alisema.

Haikupita wiki mbili, barua ikaletwa nyumbani. Ilimtakia Chiriku afya njema, ikamshukuru kwa utumishi wake, na ikamjulisha kwamba kwa mujibu wa kifungu cha tisa uanachama wake umekoma. Aliombwa arudishe filimbi ya ukiranja.

Bi Afisa alikwenda kwa Kamanda siku hiyo hiyo. Alimkuta barazani kwake akipaka viatu rangi.

"Kamanda, huyu mtoto umemlea miaka minne."

"Na ninampenda kama wangu. Usidhani nimelala usingizi siku hizi."

"Basi muache abaki. Asiogelee, asipande. Afundishe wadogo tu."

Kamanda aliweka brashi chini. "Wazazi sita wamekwisha kunijia, Bi Afisa. Wanasema akibaki yeye, wao wanatoa watoto wao. Nikivunja katiba kwa mmoja, kesho nitamzuiaje mwingine? Halafu," akasita, kama mtu anayetafuta mahali pazuri pa kuweka kitu kizito, "wewe uliisoma."

Mkurugenzi wa manispaa naye hakuwa na jipya. Alimsikiliza, akampa pole, akasema Shupavu ni kikundi binafsi na kina haki ya kujiwekea masharti ya wanachama wake.

"Mheshimiwa, kikundi ni binafsi. Lakini ukumbi je? Lori je? Dereva wa lori analipwa na nani? Haiwezekani mlango wa umma ukawa na mtu binafsi anayechagua nani aingie."

"Hoja nzuri," mkurugenzi alisema. "Lakini hii hoja si yako. Tazama."

Akafungua jalada, akamsogezea karatasi. Lilikuwa jibu aliloandika Bi Afisa mwenyewe miaka mitatu nyuma kwa mama mmoja fundi cherehani, ambaye mwanawe, mwenye mguu mmoja mfupi, alikuwa amekataliwa na Shupavu. Mwandiko ulikuwa mzuri: "Kikundi hicho ni cha binafsi na kina haki ya kujiwekea masharti ya wanachama wake. Ofisi hii haina cha kufanya."

Alikuwa amesahau. Si kwamba alijifanya kusahau; alisahau kweli, kama mtu anavyosahau alikula nini juzi.

Kesho yake alimtafuta huyo mama. Alitaka waandike malalamiko pamoja, sahihi mbili zikae mbele ya madiwani, pengine na za wengine. Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja kilichojaa vitambaa, na cherehani imewekwa mlangoni ipate mwanga. Yule mama alimtambua mara moja. Akampisha kiti, mwenyewe akakaa juu ya robota la nguo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Pole sana, dada," alisema. "Mtoto hajambo sasa?"

"Hajambo kidogo. Wako je?"

"Wangu kakua. Yuko kwa mjomba wake, anajifunza kutengeneza redio. Hapiti njia ya ukumbini mpaka leo." Alinyoosha kipande cha uzi kwenye paja lake. "Siku ile nilikungoja nje ya ofisi yako mpaka mlinzi akaja kufunga. Nilisema labda ukimwona kwa macho utabadili neno. Nilikuja naye, unajua. Alivaa shati jipya. Wewe ulitoka kwa mlango wa nyuma."

"Sikujua kama mpo."

"Najua hukujua. Sikulaumu." Alisema bila chuki, na hilo ndilo lililomkata Bi Afisa maini. "Ila hiyo karatasi sitasaini. Wakati ule ningekuja hata kwa magoti. Sasa mwanangu ameanza kusahau, na mimi sitamkumbusha."

Kwa hiyo malalamiko yaliingia kwenye kamati ya madiwani na sahihi moja. Bi Afisa alitaka kwenda peke yake, lakini Chiriku alikataa. Alisema mambo yake atayasikia mwenyewe. Alivaa gauni la kanisani, akaketi karibu na bibi yake kwenye benchi la nyuma, na asubuhi hiyo alikuwa bado ni yule yule. Alimnong'oneza bibi kwamba diwani mnene anafanana na sanamu iliyo mlangoni pa benki.

Bi Afisa alisema vizuri. Alieleza ugonjwa ulivyo, akaleta barua ya daktari, akauliza mali ya wote inatumikaje kwa baadhi tu. Madiwani wawili walitikisa vichwa kukubali. Ndipo Kamanda akasimama, kwa sauti yake ile ya chini, akaomba ruhusa asome karatasi moja tu.

"Nimeisoma katiba ya kikundi. Sina pingamizi. Napendekeza kisaidiwe." Akataja tarehe. Akataja jina la aliyesaini.

  Bi Afisa hakugeuka nyuma. Alihisi macho ya bintiye mgongoni kama mtu anavyohisi jua. Mwenyekiti wa kamati aliuliza kama saini hiyo ni yake, akajibu kwamba ni yake. Walipiga kura mikono juu. Msaada ukaendelea, na kamati ikamtakia mtoto nafuu ya haraka.

 Njiani bibi alijaribu kuzungumzia bei ya mkaa, akaacha. Walipofika nyumbani Chiriku aliketi kwenye kiti cha jikoni bila kuvua viatu.

"Mama, kweli uliisoma?"

"Niliisoma."

"Mpaka kifungu cha tisa?"

Angeweza kusema kwamba zilikuwa karatasi nyingi, kwamba siku ile alikuwa amechoka. Mtoto angeamini, alitaka kuamini. "Mpaka cha mwisho," Bi Afisa alisema. "Nikamuuliza Kamanda, akanijibu, nikaridhika."

Chiriku alifikiri. Alikuwa haulizi kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa hesabu.

"Ulidhani ni watoto wa nani?"



"Mjukuu wangu," bibi alisema polepole, "mama yako alikosea. Mkuki kwa nguruwe huwa mtamu. Sote ndivyo tulivyo."

"Najua, bibi," Chiriku alisema, akaenda chumbani. Hakuubamiza mlango. Aliurudisha taratibu, kama mgeni katika nyumba ya watu.

Ilipofika Januari barua ya Shupavu ya kuomba ukumbi kwa mwaka mpya ililetwa mezani, kama kila mwaka. Bi Afisa aliandika chini yake kwamba ana pingamizi, akaeleza kwa nini, kurasa mbili nzima. Mwezi uliofuata alihamishiwa idara ya leseni za maduka. Afisa mpya alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa kazi, na Jumamosi ya kwanza ya Machi gwaride likaendelea kama kawaida.

Nyumbani Chiriku hakununa, na Bi Afisa alitamani anune. Alimeza dawa zake kwa wakati, alipata alama nzuri, alikuwa na adabu hata majirani wakasifu: "Huyu mtoto ametulia siku hizi." Akiulizwa na mama yake shule ilikuwaje, alijibu, "Nzuri, mama. Asante." Ila wakati mwingine Bi Afisa akirudi kazini mapema alisikia jikoni mazungumzo na vicheko, yule chiriku wa zamani akimsimulia bibi yake kisa kirefu chenye vishindo. Alijifunza kusimama nje kidogo, mkoba mkononi, kabla ya kubisha. Akiingia, kisa huwa kimekwisha.

Kifafa kilimshika tena mwezi wa Juni, alasiri, sebuleni. Bibi alikuwa kwa jirani. Safari hii Bi Afisa alikuwa karibu. Alifanya kila alichoelekezwa na daktari: akasogeza meza, akamlaza ubavu, akaweka mto chini ya kichwa, hakumtia kitu mdomoni, akahesabu dakika kwa saa ya ukutani. Alimfuta povu kwa upindo wa gauni lake mwenyewe. Dakika tatu zikapita, mwili ukalegea, akabaki amemshika, anamwita kwa jina lake la utotoni, anamwambia yupo, mama yupo, hakwenda popote.

Chiriku alifumbua macho. Yalizunguka dari, yakashuka ukutani, yakafika usoni kwa mama yake na kutulia hapo kwa muda, hadi alipomtambua.

"Bibi yuko wapi?" akauliza.

"Yuko kwa jirani," Bi Afisa alisema. "Ngoja nikamwite."

Akamfunika shuka mpaka mabegani, akatoka kwenda kumwita.